Ndai Yako ya Japan Ina Tairi za Theluji? Soma Hii Kabla Uingie Garsen

Msee, tuanze na swali rahisi. Mara ya mwisho uliinama ukasoma maandishi kwenye ubavu wa tairi ya ndai yako ilikuwa lini? Kama jibu ni "sijawahi," uko na wenzako kibao. Wengi wetu tukinunua gari tunaangalia rangi, redio na rimu. Tairi tunaona ni kitu cheusi cha duara, bora tu kizunguke.

Hiyo inaweza kupita ukiwa unazungusha ndai kati ya Bamburi na Mtwapa. Lakini ngoja siku mbogi iamue kwenda Lamu kwa barabara. Ama upate dili ya maembe Tarasaa. Ama harusi ya beshte iwe Ngao, na ni mwezi wa 11. Hapo ndipo utajua kwamba injini inasukuma, breki inasimamisha, lakini mambo yote mawili yanapitia kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiguza ardhi kwa nafasi kama ya kiganja chako.

Na hapa ndipo stori inaingia utamu: kuna uwezekano vipande hivyo vinne vilitengenezwa kwa ajili ya theluji.

Theluji Garsen? Kwani imefikaje?

Theluji yenyewe haijafika. Ukitaka kuiona Kenya, panda Mlima Kenya. Kilichofika ni tairi zake.

Magari mengi tunayoendesha ni mtumba kutoka Japan. Sheria yetu inakubali gari lisilozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo yanakuja kwa wingi kila mwezi kupitia bandari ya Mombasa. Sasa kumbuka Japan ina msimu wa baridi wa ukweli. Kule Hokkaido na kaskazini ya Honshu, theluji inajaa barabarani kwa miezi. Wenye magari huko hubadilisha tairi: seti moja ya kiangazi, nyingine ya baridi. Gari likiuzwa wakati wa baridi, ama likivalishwa zile tairi kuukuu zilizobaki stoo, linapanda meli vile lilivyo.

Linashuka Mombasa, linaoshwa, linang'arishwa, linaingia yadi. Wewe unaona tairi ina meno marefu mazuri, unasema "hii bado ni mpya kabisa." Unalipa, unawasha, unaenda.

Jinsi ya kuitambua

Huhitaji fundi. Inama tu usome ubavu.

Kwanza, tafuta neno STUDLESS ama SNOW. Tairi za baridi za Japan mara nyingi huandikwa hivyo waziwazi. Pili, tafuta mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo ni alama ya kimataifa kwamba tairi imepimwa kwenye theluji ikafaulu. Tatu, angalia jina. Blizzak ya Bridgestone, iceGUARD ya Yokohama na Winter Maxx ya Dunlop zote ni familia za baridi.

Nne, angalia zile tarakimu za saizi. Ukiona kitu kama 195/65R15 91Q, soma hiyo herufi ya mwisho. Q maana yake tairi imeidhinishwa hadi kilomita 160 kwa saa, na ndiyo herufi ya kawaida kwa tairi za theluji za Japan. Za kawaida za gari dogo huwa S, T, H ama V, yaani 180, 190, 210 na 240.

Tano, tazama meno yenyewe. Tairi ya theluji ina mikato midogo membamba mingi, imepinda kama msumeno, juu ya kila jino. Mikato hiyo ndiyo hung'ang'ania barafu. Ukibonyeza jino kwa kidole, linabonyea kuliko tairi ya kawaida.

Shida iko wapi?

Mpira wa tairi hupikwa kulingana na joto la mahali itakapofanya kazi. Tairi ya kawaida joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi inaanza kuwa ngumu na kuteleza. Ndiyo maana wenzetu wa baridi wakaunda mpira laini unaobaki laini hata kwenye barafu.

Sasa chukua mpira huo, ulete Garsen saa saba mchana, hewa iko zaidi ya nyuzi 30 na lami yenyewe ina joto kushinda hewa. Mpira laini unazidi kulainika. Meno yanayumba, usukani unahisi mzito na wa uvivu, na ukikanyaga breki gari linachukua mita zaidi kusimama. Tairi inaliwa haraka mno. Halafu ongeza uzito: watu watano, mizigo kwenye buti, kilomita zaidi ya 100 kutoka Malindi, barabara imenyooka inakuita ukanyage. Joto linajilimbikiza ndani ya tairi, na kama iko na upepo mdogo ama ni ya zamani, inaweza kupasuka.

Kwa hivyo ile tairi uliyosifia meno ndiyo dhaifu kuliko zote kwa safari yako.

Usidanganywe na "M+S"

Hapa wauzaji wengi hupatia watu. Unaonyeshwa tairi imeandikwa M+S, unaambiwa "hii ni ya matope na theluji, buda, hata Tana Delta inapita." Kweli herufi hizo zinasimamia matope na theluji. Lakini ni alama ambayo kampuni hujiandikia yenyewe kwa kuangalia umbo la meno. Haimaanishi tairi imejaribiwa mahali popote. Hata Ujerumani, tangu Oktoba 2024, tairi yenye M+S peke yake haihesabiki kuwa ya baridi. Lazima iwe na ule mchoro wa mlima na chembe ya theluji. Kama wenyewe wa theluji hawaiamini, wewe usiiamini kwa matope ya Ngao.

Adui wetu wa ukweli: udongo mweusi

Bonde la Tana limejengwa na tope ambalo mto umelibeba kwa karne nyingi kutoka Aberdare na Mlima Kenya. Sehemu kubwa ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule watu wa barabara huuita bleki koton. Kiangazi unapasuka nyufa na unakuwa mgumu kama saruji. Mvua ikinyesha, unakunywa maji, unavimba na kugeuka gundi.

Barabara kuu kutoka Malindi hadi Minjila na Garsen ina lami, na ile ya kwenda Witu na Lamu pia imewekwa lami. Shida inaanza ukishuka kuingia vijijini kwenye delta. Mvua ya saa moja tu inatosha kugeuza njia.

Matope haya hayafanani na theluji. Theluji ikikaa kwenye meno ya tairi inasaidia, kwa sababu theluji hushikana na theluji. Ndiyo maana tairi ya baridi ina mikato midogo ya kuikamata. Bleki koton inafanya kinyume. Inajaa kwenye mikato hiyo, inakauka hapo, na baada ya mizunguko michache tairi yako haina meno tena. Imekuwa chapati iliyopakwa mafuta. Unakanyaga, tairi inazunguka, gari linabaki hapo hapo likichimba kaburi lake.

Tairi ya matope inahitaji mabonde mapana kati ya jino na jino, ili ikizunguka irushe tope nje na kila jino lirudi chini likiwa safi. Ndio maana tairi ya trekta iko vile iko.

Basi nichukue gani?

Usianze na tairi. Anza na safari zako.

Kama maisha yako yote ni lami, na Garsen unapitia tu ukienda Lamu ama Hola, chukua tairi ya kawaida ya barabara, nzuri na mpya, yenye mifereji mirefu inayozunguka tairi nzima. Mifereji hiyo hutoa maji chini ya tairi mvua ikinyesha. Usiingie gharama ya tairi ya msituni kwa sababu ya luku.

Kama wewe ni wa nusu kwa nusu, leo lami kesho murram ya kwenda ocha, tafuta zilizoandikwa A/T. Hizi ni za kila ardhi. Meno yake yana nafasi, ubavu ni mgumu kiasi, na kwenye lami bado zinatulia. Kwa mtu wa Tana River mwenye pikapu ama gari refu kidogo, hii ndiyo tairi ya akili. Kwa ndai ndogo saizi zake ni chache, kwa hivyo uliza kwanza kabla ujipange.

Kama kazi yako iko ndani ya delta hasa, unapeleka dawa, mbegu ama mifugo hadi mvua ikiwa juu, na gari lako ni la fo-bai-fo, basi M/T. Hizi ni za matope. Lakini jua unachonunua: zinavuma kwa lami kama nyuki, zinakula mafuta, na kwenye lami yenye maji hazishiki vizuri kama za kawaida. Kuvaa M/T kwa gari la kuzurura Malindi ni kama kuvaa gamubuti kwenda klabu.

Na kama unabeba mzigo, yaani Probox ya maembe ama mathree, soma nambari ya uzito. Ile 91 kwenye 195/65R15 91Q inamaanisha tairi moja inabeba kilo 615. Nne zinabeba 2,460, na hapo ndani kuna uzito wa gari lenyewe. Hiace haifai kuvalishwa tairi ya saluni. Inataka zile zilizoandikwa C ama LT, zenye ubavu wa kubeba mzigo. Saizi na upepo sahihi viko kwenye stika, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Stika hiyo ina ukweli kushinda jirani yako.

Mathenge haina huruma

Kuna kitu kingine ambacho watu wa Nairobi hawakijui hadi wakipate: mwiba wa mathenge. Mti huu uliletwa maeneo ya Hola na Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupata kuni na kuzuia jangwa. Ukapenda mahali, ukasambaa kote, mpaka umemeza malisho na njia. Miiba yake ni mirefu, migumu, na inatoboa tairi bila kuomba ruhusa.

Kwa hivyo spea yako iwe tairi kamili yenye upepo. Magari mengi ya Japan yanakuja na kale kaspea kembamba ka dharura ambako hakafai kupita kilomita 80 kwa saa. Mengine hayana spea kabisa, yana chupa ya gundi na pampu ndogo. Kwa Tana River, hiyo ni kuomba ulale njiani. Beba spea ya saizi sawa, jeki, kipande cha mbao cha kuweka chini ya jeki isizame, na pampu ya kuchomeka kwenye gari.

Pancha ikiwa kwenye meno, fundi anaweza kuziba, na kiraka cha ndani ni bora kuliko ule uzi wa gundi unaochomekwa kutoka nje. Ikiwa ubavuni, usikubali kiraka. Ubavu unajikunja kila mzunguko, kiraka kitaachia, na kitaachia ukiwa mwendoni.

Upepo: dawa ya bure

Hii haigharimu doo yoyote na bado watu wanaidharau. Upepo mdogo hufanya ubavu wa tairi ujikunje sana, ujikunjaji huleta joto, joto hupasua. Kwa joto la Garsen, hakuna mahali pa kucheza na hilo.

Pima asubuhi kabla ya kuendesha. Tairi ikishapata moto, upepo hupanda wenyewe, karibu PSI 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto. Ukipima saa nane mchana ukaona umezidi, halafu ukapunguza, kesho asubuhi utakuwa chini ya kiwango bila kujua.

Kwenye mchanga, kama wa upande wa Kipini karibu na bahari, kupunguza upepo hadi karibu PSI 20 kunasaidia, kwa sababu tairi inatanuka na kuelea juu. Lakini ukirudi kwenye lami, jaza kwanza. Usiseme "nitajaza mbele." Mbele ndiyo tairi inapasukia.

Ukikutana na matope, chagua gia ya chini kabla ya kuingia, ya pili kwa manyuali au L kwa otomatiki. Nenda polepole bila kusimama katikati. Tairi ikianza kuzunguka bure, toa mguu. Ukiendelea kukanyaga unachimba tu.

Kwa maji, hakuna tairi

Sasa sehemu ya uzito. Kuna watu wakivaa tairi kubwa wanajiona wamekuwa meli.

Mto Tana una tabia moja ya hatari: unaweza kufurika Garsen siku ambayo Garsen hakuna tone la mvua. Maji yanatoka nyanda za juu, yanapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na mabwawa yakijaa yanamwagika kuja chini. Jua linawaka, mbingu ni bluu, na barabara inaliwa na maji polepole.

Novemba 2023, wakati wa mvua za El Niño, mafuriko yalikata barabara ya Garsen kwenda Lamu na magari yakakwama pande zote. Aprili 2024, ndani ya kaunti hiyo hiyo ya Tana River, kwenye barabara ya Garissa kwenda Nairobi, basi lilijaribu kuvuka maji likazidiwa na mkondo. Abiria 51 waliokolewa. Hilo ni basi zima, zito kushinda ndai yako mara kadhaa.

Hesabu iko hivi. Maji ya sentimita 30 yanatosha kuelea gari dogo. Sentimita 60 zinayotembea zinabeba magari mengi, hata pikapu na yale marefu. Gari likianza kuelea, tairi haziguzi chini. Na tairi isiyoguza chini, iwe ya theluji, ya matope ama ya dhahabu, haina kazi. Halafu maji ya matope yanaficha: huoni kama lami bado iko ama ilishabebwa jana usiku.

Kwa hivyo ukifika penye maji na wenyeji wamesimama, simama nao. Wapokomo na Waorma wameishi na mto huu vizazi na vizazi. Mchungaji akikuambia "usipite," hiyo ni ripoti ya bure kutoka kwa mtaalamu. Dere akikwambia "tutajaribu," shuka. Nauli inarudi, wewe hurudi.

Kabla utoe ganji dukani

Tafuta alama ya DOT ubavuni, na mwisho wake kuna tarakimu nne. Ukiona 3219, tairi ilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa stoo. Kampuni kama Michelin hushauri tairi ikaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na itolewe ikifika miaka 10 hata kama meno yapo. Nyufa ndogo ubavuni ni dalili kwamba muda umekwisha.

Tazama vijiti vidogo vilivyo ndani ya mifereji. Meno yakilingana navyo, yamebaki milimita 1.6, na nchi za Ulaya hapo ni mwisho wa sheria. Tairi mpya ya gari dogo huanza karibu na milimita 8. Kwa mvua zetu, usingoje hadi 1.6.

Jihadhari na tairi kipara iliyochongwa meno upya kwa kisu cha moto. Inapendeza kwa macho, lakini fundi amekata mpira uliokuwa unafunika nyaya. Kwa gari dogo hiyo ni bomu.

Doo ikitosha tairi mbili tu, mpya ziweke nyuma, hata kama gari linavutwa na miguu ya mbele. Najua fundi atakubishia. Sababu ni hii: mbele ikiteleza, gari linaenda moja kwa moja na unaweza kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari linageuka lenyewe na kukuangalia ulikotoka.

Na kama umegundua leo kwamba umevaa za theluji? Usipanik. Usizipeleke safari ndefu ya joto, punguza mwendo, angalia upepo, na uanze kuweka akiba. Ukipata doo ya kwanza, toa zile zenye nyufa ama tarehe ya zamani. Rimu na redio zitangoja. Toka nje sasa hivi na tochi ya simu, soma ubavu wa kila tairi, zote nne, na ya tano iliyo kwenye buti. Haichukui hata dakika tano.